Jibu: Nimfa wa ziwa mwenye kisa chake yupo, ni Bolbe

Ndugu, umeuliza kama nimfa wa maziwa (miungu wadogo wa kike wa maji) kwa Wagiriki wa kale wana visa vyao au ni majina matupu. Wengi ni majina tu, kweli. Ila mtazame Bolbe, mwenye ziwa ambalo leo linaitwa Volvi, mashariki ya mji wa Thessaloniki, Ugiriki. Alizaa na Heracles, yule shujaa wa visa vya Kigiriki, mtoto aitwaye Olynthus, na kaburi la huyo mtoto lilikuwa kando ya mto wenye jina lake.

Utamu uko hapa. Athenaeus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, akimnukuu Hegesander, mwandishi aliyemtangulia, anasema kila mwaka katika miezi ya Kigiriki ya Anthesterion na Elaphebolion, yaani baridi inapoisha, samaki wasiohesabika walitoka ziwani wakaupanda mto huo. Na mto wenyewe kina chake hakizidi kifundo cha mguu! Watu walivua, wakatia chumvi, kila nyumba ikapata akiba yake. Lakini samaki hawakulipita lile kaburi. Wenyeji walisema ni Bolbe anampelekea mwanawe kitoweo cha samaki wa kuchoma. Mtoto yuko kaburini, mama bado anampakulia.

Mtaalamu wa samaki atakwambia walikuwa wanakwenda kutaga mayai. Sawa, lakini mimi nipo na wenyeji.