Kwa aliyeuliza kuhusu kufunua karata mbili kama moja

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una miezi mitatu unafanya mazoezi ya kufunua karata mbili za juu kana kwamba ni moja, mtu aone ya pili akidhani ndiyo ya juu, kwenye kioo unajiona umeiva, lakini ukimfanyia mtu anakushika pale pale. Unauliza kama vidole vifupi ndiyo chanzo, ununue karata gani, na ukeshe saa ngapi kwa siku. Wadau wa juu wamekujibu "kaza tu mkuu, mazoezi". Mimi nami nilijibiwa hivyo hivyo, nikakaza, nikapoteza karibu mwaka mzima nikikazia makosa. Niruhusu nieleze kwa urefu kidogo.

Nilianza kwa hasira. Nikiwa kidato cha tatu nililiwa nauli na pesa ya matumizi kwenye stendi moja, kwa hawa watu wa pata potea. Karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu, kazi yako ni kuonyesha nyekundu iko wapi. Mchezeshaji akageuka kumkemea mtu nyuma yake, na jamaa mmoja kati ya "wateja" akakunja pembe ya ile nyekundu haraka, akanikonyeza. Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nikaweka zote. Nikafunua yenye pembe iliyokunjwa: nyeusi. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba yule mkunjaji ni mwenzao, na kwamba mchezeshaji huinyoosha pembe ile na kukunja ya nyingine humo humo anapozirusha. Hata urushaji wenyewe una jambo lake: mkono umeshika karata mbili, moja juu ya nyingine, wewe unaamini imedondoka ya chini, kumbe imeachiwa ya juu. Nilirudi nyumbani kwa lifti ya lori la mkaa nikiwaza mkono ule tu.

Miaka ilipita, nikapata kazi ya mapokezi zamu ya usiku kwenye gesti moja Morogoro. Ikishagonga saa sita usiku wateja wameingia vyumbani, unabaki wewe, mbu na redio. Nikanunua karata za buku mbili, nikaanza. Video nilizipakua kwa bando la usiku. Baada ya miezi minane nilikuwa najiona mwisho wa matatizo.

Likizo nikaenda Tanga kwa mjomba. Pale nje kwake kuna baraza, kila baada ya alasiri wazee wanatandika mkeka na kucheza wahedi wa sitini mpaka magharibi. Nikacheza nao siku mbili, siku ya tatu nikaomba niwaonyeshe kitu. Nikafunua saba ya kopa, nikaifunika, nikaiweka chini, nikasema geuzeni. Kabla hata hawajaigeuza, mzee mmoja aliyekuwa mvuvi zamani akacheka. Hakuwa anaitazama karata kabisa. Akasema: "Mwanangu, juzi na jana ulikuwa ukizishika kama karata. Leo mbona wazishika kama mayai?"

Baraza zima lilicheka. Mkuu, sentensi ile ilinifunza kuliko video zote nilizopakua.

Yule mzee hakujua mbinu yoyote ya kiinimacho. Alichojua ni mimi ninavyoshika karata siku zote, na akaona siku hiyo nimebadilika. Watu wengi wanaokushika wewe hawajaona karata ya pili. Wameona mkono umekakamaa, bega limepanda, sauti imekatika. Hapo hapo wanajua kuna kitu, hata kama hawawezi kukitaja.

Kwa hiyo acha kwanza hiyo mbinu wiki mbili. Chukua bunda, kaa ubishane mpira na watu, na katikati ya ubishi funua karata moja ya juu, moja ya kweli, kisha uifunike. Fanya hivyo mara nyingi mpaka usahau kuwa unafanya. Halafu jichunguze: mkono wako wenyewe hufanyaje? Mimi niligundua kwamba nikicheza lasti kadi huwa naisukuma karata kulia kwa gumba, naidaka pembeni, naifungua kama ukurasa wa daftari. Lakini kwenye kiinimacho nilikuwa naichukua kwa nyuma, gumba na kidole cha kati, naipindua kama sahani, kwa sababu yule wa kwenye video alifanya hivyo. Hakuna mtu pale barazani anayefunua karata hivyo. Nilikuwa nimejifunza kwa bidii kitu kigeni kwenye mkono wangu.

Ukishajua mkono wako ulivyo, mbili zifuate mwendo wa moja. Usifanye kinyume.

Sasa mwanya, yaani ule upenyo mdogo chini ya karata mbili za juu unaokuwezesha kuzifunua pamoja. Najua utauliza, maana ndipo wengi tunapokwama. Bunda liko mkono wa kushoto, kidole cha shahada kimezuia ukingo wa mbele, vitatu vilivyobaki viko ubavuni. Kwa nyama ya gumba la mkono wa kulia inua karata mbili tu upande wa nyuma, kiasi cha unene wa kucha, kisha nyama ya ncha ya kidole kidogo cha kushoto iingie hapo. Nyama tu, kidole chote kisiingie. Ukiingiza kidole kizima, aliyekaa ubavuni anaona pango. Na mwanya usiuweke wakati unauhitaji. Uweke mapema, ukiwa unazipanga karata baada ya kuzichanga, watu wakiwa bado wanaongea mambo yao. Ukifika wakati wa kufunua, kazi iwe imeisha zamani. Hizo mbili zikitaka kuachana unapozifunua, zikunje kidogo sana kwa urefu wake, zitakaa kama moja.

Na hapa niseme kitu ambacho sikukisoma popote, nimekitengeneza kwa mpwa wangu wa miaka saba. Nilimkalisha mbele yangu nikafunua mara kumi, nyingine moja ya kweli, nyingine mbili, bila mpangilio. Sikumwambia kuna ujanja. Nilimuuliza tu: "Ipi imekaa vibaya?" Mara ya kwanza alizitaja zote za uongo. Zote! Kwenye kioo nilikuwa nimejipa alama mia. Tuliendelea kila Jumapili kwa malipo ya pipi mpaka akaanza kutaja za kweli na za uongo kwa kubahatisha. Siku hiyo ndiyo niliyohesabu kuwa nimejua kufunua mbili.

Kuhusu kioo: kioo kitakudanganya. Nilipoanza kujirekodi kwa simu niliona aibu, kwa sababu kila nilipofika kwenye mwendo wa siri macho yalikuwa yanafumba. Kila mara. Kwa hiyo kwenye kioo nilikuwa sioni kosa kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho linapotokea. Tumia simu, iegemeze kwenye kikombe, jirekodi ukiongea, kisha tazama kesho yake ukiwa na akili ya mtu baki.

Umeme ukikatika usilale. Fanya gizani. Marekani kuna bwana anaitwa Richard Turner, haoni, na ni miongoni mwa watu wanaoheshimika mno duniani kwa kuchezea karata. Anazijua kwa ngozi ya vidole. Mimi usiku wa kukatika umeme pale gesti ndio ulionifunza kutofautisha karata moja na mbili kwa mguso. Na mtu ambaye hahitaji kuangalia mikono yake anaweza kumtazama mwenzake usoni, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Maana mtu hutazama unapotazama wewe. Ukiitazama karata, nao wataitazama. Ukimuuliza mtu swali la kweli, kwa mfano "wewe ulikuwa umeichagua kwa bahati au uliitaka?", atainua uso akujibu, na hapo mikono yako ina nafasi. Kwa Kiswahili cha mtaani hii ni kuzuga tu, kila konda wa daladala anaijua. Lakini usizuge kwa fujo, sijui kupiga vidole, sijui kurusha mkono hewani. Watu wakicheka wanalegea, fanya kazi yako hapo.

Hiyo mbinu yako ina historia nzuri, usiidharau. Dai Vernon, bingwa wa kiinimacho cha karata, mtu wa Ottawa, Canada, aliyezaliwa 1894, aliitumia kumfanyia Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu, mchezo wa karata inayopanda juu, Chicago mwaka 1922. Houdini alikuwa anajigamba kwamba akionyeshwa mchezo mara tatu ataujua. Karata ikawekwa katikati, ikaonekana juu. Tena. Tena. Akarudiwa zaidi ya mara tatu na hakuujua. Vernon huyo huyo, mwaka 1932 akiwa Wichita, alisikia kwa mfungwa mmoja habari za mcheza kamari anayeweza kugawa karata kutoka katikati ya bunda bila kuonekana, akamsaka mpaka akampata: Allen Kennedy, katika mji mdogo wa Pleasant Hill, Missouri. Vernon alikuwa tayari ana jina kubwa, lakini alisafiri kwenda kujifunza kwa mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani. Nikikumbuka yule mvuvi wa Tanga naelewa kwa nini.

Vidole vifupi, mkuu, futa hilo. Kulikuwa na Mwajentina anaitwa René Lavand, alizaliwa 1928, akapoteza mkono wa kulia kwa ajali akiwa na miaka tisa. Alifanya kazi hii kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka uzee, akifariki 2015, na sifa yake ilikuwa kufanya polepole. Polepole! Ukikimbiza mkono unamwambia mtazamaji "angalia hapa". Kama bunda linakusumbua kweli, tafuta karata nyembamba: za kawaida za poka zina upana wa milimita 63 hivi, lakini zipo za bridge zenye 57, urefu ni ule ule. Hizo 6 zinaonekana chache, ila kidole kidogo kinazijua.

Za plastiki tupu mimi sizipendi, zinateleza kama samaki na mbili hazikai pamoja. Za karatasi zenye vidoti vidogo usoni ndizo zinazotii, ila ukanda wa pwani unyevu unazivimbisha, na jasho la mkono linazimaliza ndani ya wiki chache. Nawa mikono kabla, kausha, na usipake poda, utapata uji. Kwa mazoezi ya kila siku za buku mbili zinatosha kabisa, nzuri weka za kuonyesha watu. Mimi nzuri nililetewa na jamaa aliyekuwa anatoka Dubai, nikazitunza kama cheti cha ndoa.

Saa ngapi? Mimi nilikuwa napiga saa nne mfululizo mpaka kidole kidogo kikaanza kufa ganzi na kifundo cha mkono kikauma wiki mbili. Sasa ni dakika ishirini, napumzika, ishirini nyingine baadaye. Mbinu moja kwa msimu. Ukiona leo unafanya vibaya kuliko jana, funga bunda, maana baada ya hapo unauzoesha mkono makosa.

Angalizo dogo. Usifanye dukani. Niliwahi kumbadilishia karata mama mmoja muuza duka mkononi mwake, akashangaa, akacheka. Nilipotoa noti ya elfu kumi ninunue sukari akarudi nyuma. "Weka hapo chini. La, ondoka nayo, sukari imeisha." Nikiwa nimeiona gunia zima nyuma yake. Mtaa mzima ukajua mimi ni chuma ulete, na nikawa natembea mpaka mtaa wa tatu kununua kiberiti. Na kwenye mchezo wa pesa usiguse kabisa, wale jamaa wa stendi hawachezi peke yao na mikono yao haiishii kwenye karata.

Huenda unataka pia kujua kama niliwahi kumpata yule mzee. Nilirudi Tanga baada ya miaka miwili. Shikamoo zikapita, kahawa ikapita, tukacheza michezo minne halali. Wakati karata zinakusanywa nikamwambia akate, nikafunua ya juu, nikamuuliza kama anaikumbuka. "Sita ya pau," akasema, jicho lake lote liko kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikaifunika, nikamwekea kiganjani, nikamfumbisha vidole. Nikamuuliza bei ya samaki aina ya changu sokoni siku hizi. Akanijibu, kwa urefu, na malalamiko. Kisha akafungua kiganja: ree ya uru.

Hakusema kitu. Alizichukua karata zote akazihesabu moja moja juu ya mkeka, akaziona zimetimia. Akanirudishia bunda, akasema: "Haya, gawa. Na hiyo mikono iweke mbali na kanzu yangu."