Kwa nini simu hufa chumba cha ndani, na maswali mengine ya mawimbi

Maalim, nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Barazani simu yashika barabara, nikiingia chumba cha ndani yafa. Fundi asema ni unene wa ukuta. Ni kweli? (Kibokoni)

Ni nusu ya ukweli. Mawimbi ya simu ni ya sumakuumeme, jamii moja na mwanga wa jua, na kwenye ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, yote huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Yakiingia ndani ya kitu hutikisa chaji za umeme zilizomo, na kinachofuata chategemea kama chaji hizo zimefungwa au zinatembea. Katika jiwe kavu zimefungwa, basi wimbi hupunguza mwendo, hupoteza nguvu kidogo, likatokea upande wa pili.

Balaa ni maji. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, hunywa unyevu kama mkate wa mofa mchuzini, na hewa yetu ina chumvi. Maji ya chumvi yana ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinazotembea: wimbi huzisukuma, nguvu yake ikaishia kuwa joto. Ndiyo maana ukuta uleule waweza kukupitishia simu wakati wa kaskazi, ukakunyima wakati wa masika. Kisha hesabu kuta zenyewe. Kila moja ikibakisha robo ya nguvu, baada ya tatu umebaki na sehemu 1 kati ya 64.

Masafa (idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde) ya chini, kama megahezi 800, hupenya vizuri kuliko 2,600. Vile vibandiko vya "kuongeza netiwaki" ni pesa za kutupa, sogea dirishani.

Simu yangu haiingii maji. Mbona nikiizamisha baharini haipigiki, hata kina cha magoti? (Likoni)

Chumvi ileile, ila sasa umeifuata kwake. Kwa masafa ya simu, kila sentimita moja hivi ya maji ya bahari hupunguza wimbi hadi karibu thuluthi. Ukifika kina cha shibiri, hakuna kilichobaki cha kupokea. Nyambizi za kijeshi hutumia masafa ya chini mno, kilohezi 3 hadi 30, na hata hayo hushuka kama mita 20 tu, tena yakibeba maandishi ya polepole, si sauti ya mtu. Na kumbuka: hiyo "haiingii maji" ya kwenye kasha kwa kawaida hupimwa kwa maji baridi, si ya bahari.

Kama bahari yameza mawimbi, intaneti yetu yapitaje huko chini? (Nyali)

Haigusi maji. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, hubeba mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Si mwanga wa kuonekana kwa macho. Ni infraredi ya nanomita 1,550 hivi, kwa kuwa hapo ndipo kioo safi hupoteza mwanga kidogo kabisa: yapita kilomita kama 15 kabla nguvu haijapungua nusu. Njiani kuna vikuza mwanga, vinavyolishwa umeme kwa waya wa shaba uliomo ndani ya kebo hiyohiyo.

Ndani ya kioo mwanga hupungua mwendo hadi kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata hivyo wawahi kuliko setilaiti zile zilizotulia juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Kupanda na kushuka huko ni karibu robo sekunde, na aliyewahi kuzungumza kwa simu ya namna hiyo ajua mnavyokatizana maneno.

Bati jembamba lazuiaje waifai ya jirani wa ghorofani, na mbao nene haizuii? (Changamwe)

Elektroni za chuma, yaani chembe zake ndogo zenye chaji, ziko huru. Wimbi likizigusa, nazo hulirudisha lilikotoka, na unene wa karatasi watosha. Mbao kavu haina elektroni huru. Mwombe jirani aweke ruta karibu na dirisha lililo upande wako.

Kwenye mlango wa maikrowevu kuna wavu wa matundu. Mwanga watoka na chakula nakiona. Hayo mawimbi ya kupikia hayatoki? (Kisauni)

Hayatoki, isipokuwa kiasi kidogo mno kisichodhuru. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, na tundu ni la milimita moja au mbili, kwa hiyo kwake wavu ule ni sawa na bati zima. Wimbi la mwanga halifiki hata sehemu ya elfu ya milimita, lapita bila kuona kizuizi. Ila mlango ukipinda, au wavu ukitoboka, usiiwashe mpaka fundi aitengeneze.