Re: Eksirei ya kichwa kabla ya waya za meno, ya nini?
Dadangu, umeuliza kwa nini kliniki huko Nyali imetaka eksirei ya kichwa ya mwanao wa miaka 11, ilhali meno yaliyotokeza kila mtu anayaona, na kama ANB (pembe inayolinganisha taya la juu na la chini) ya 7 maana yake atapasuliwa.

Meno unayaona, mifupa huioni. Picha hupigwa ubavuni, kichwa kimeshikiliwa kisitikisike, utaratibu uliotangazwa mwaka 1931 na Broadbent kule Marekani na Hofrath Ujerumani. Daktari hutia alama, kisha hupima pembe. SNA ni ya taya la juu likilinganishwa na msingi wa fuvu, SNB ya taya la chini, ANB ni tofauti yao. Kawaida ya Steiner, daktari wa Marekani wa kupanga meno, ni nyuzi 82, 80 na 2. Wako ana 81, 74 na 7: taya la juu halina neno, la chini ndilo limebaki nyuma. Bado anakua, kwa hiyo huenda akapewa kifaa cha kulivuta mbele, mradi akivae kweli (hapo ndipo penye kazi!). Upasuaji aghalabu ni wa waliokwisha kukua.

Ila kawaida hizo zilitokana na Wamarekani wazungu. Waafrika wengi meno ya mbele na midomo hutokeza zaidi, na si kasoro. Wakitaka kung'oa meno mazima ili namba zifanane na za kitabu tu, mimi nisingekubali. Waulize wamelinganisha na watu gani, na wautazame uso wa mtoto pia. Mionzi ni kidogo, usihofu.