Afande na ambulensi: namna ya kufanya kazi pamoja bila kugombana juu ya mgonjwa

Ukikaa kwenye ambulensi muda wa kutosha, utagombana na polisi. Si lazima uwe mkorofi, wala si lazima yeye awe na roho mbaya. Mmeitwa mahali pamoja kwa kazi mbili. Yeye anataka eneo litulie, barabara ifunguke, mtuhumiwa asitoroke na ushahidi usikanyagwe. Wewe unataka mtu aliyelala chini aendelee kupumua. Wote mmekuja mbio, na watu wamewazunguka wakiwa wameinua simu.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na siku hizi nafundisha wanaoianza. Ushauri ninaourudia kuliko wote vijana hawaupendi: usitafute kushinda mabishano na polisi kando ya mgonjwa, hata kama haki iko upande wako. Mabishano yana wakati wake, kabla ya simu kuingia au baada ya kumkabidhi mgonjwa hospitalini. Pale kwenye tukio unachotafuta ni nafasi ya kumfikia mgonjwa tu, na anayekupa nafasi hiyo ni huyo huyo unayetaka kumfokea.

Chukua tukio ambalo kila mhudumu analijua. Mtu amefanya fujo, amekamatwa, amelazwa kifudifudi na pingu nyuma, askari amemwekea goti mgongoni. Anapiga kelele kwamba hapumui. Unaambiwa, "Anayeongea anapumua, huyo anaigiza." Sivyo. Maneno hutoka kwa hewa kidogo tu inayopita kooni, na mtu anaweza kuendelea kulalamika huku kifua kimebanwa asipate hewa ya kumtosha. Tena ametoka kupambana, mwili unadai hewa nyingi kuliko kawaida. Akinyamaza ghafla, usifurahi kwamba ametulia. Mtazame uso, weka mkono kifuani, hesabu pumzi.

Sasa, unamwambiaje afande? Wengi huanza na "Mimi ndiye mtaalamu hapa" au "Mnamuua huyu!" Ukishasema hivyo mbele ya umati, umemfungia mlango, akikubali ataonekana ameshindwa, kwa hiyo hatakubali. Piga goti upande wa kichwa cha mgonjwa, mahali ambapo askari anakuona uso na mikono. Sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, pumzi zake zinapungua. Naomba tumgeuze ubavu sasa hivi. Pingu zibaki." Ni sentensi tatu tu, dalili, ombi, na jibu la hofu yake. Hiyo ya tatu ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mara nyingi hofu yake si mgonjwa kupata matibabu, ni mtuhumiwa kupata upenyo wa kuchomoka. Mgonjwa anayegeuzwa ubavu akiwa na pingu zake haendi popote. Nimeona maaskari waliokuwa wamekaza sura wakigeuka kuwa wasaidizi wazuri mara baada ya kusikia neno "zibaki".

Asipokubali? Rudia mara moja, kwa maneno yale yale, kisha muulize aliye na cheo pale ni nani na uzungumze naye. Piga redio kituoni kwenu useme wazi ulichoomba na ulichojibiwa, ili kituo kiwatafute wakubwa wake. Huku ukiendelea na unachoweza kufanya: oksijeni, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, kuangalia mapigo. Usimshike mkono askari, wala usivute goti lake.

Mwingine wa kumwangalia kwa makini ni anayedhaniwa mlevi. Jasho jingi, ulimi mzito, ubishi, hata ngumi. Sukari ikishuka sana mtu huwa hivyo hivyo. Aliyetoka kwenye kifafa naye huamka amechanganyikiwa na anaweza kumsukuma yeyote anayemshika, bila kujua anachofanya. Hapa omba kidole kimoja tu, upime sukari. Kidole cha mtu mwenye pingu kinatobolewa kama kingine chochote. Kipimo kikisoma 2 mmol kwa lita, yaani sukari iko chini mno, mwonyeshe afande ile skrini, usimsomee tu. Baada ya glukosi kuingia, mara nyingi yule yule aliyekuwa akirusha mateke huuliza yuko wapi na nani amempigia simu mkewe. Askari aliyeliona hilo mara moja hatahitaji kuelezwa tena.

Lakini nikisema kweli, magari hugombanisha watu kuliko wagonjwa. Februari 2014 huko Chula Vista, California, askari wa doria ya barabara kuu alimfunga pingu mzimamoto aliyekataa kusogeza gari la zimamoto kwenye ajali, kamera za televisheni zikiona. Gari lile lilikuwa limewekwa kwa makusudi, kuwakinga waliokuwa wakihudumia majeruhi. Ukiniuliza, mzimamoto alikuwa sahihi. Ila na hofu ya askari wa barabarani si ya kubuni: foleni ya ghafla kwenye barabara ya kasi huleta ajali ya pili nyuma yake. Kwa hiyo usingoje uambiwe usogeze. Ukishuka tu, mwambie, "Gari hili linatukinga sisi na nyinyi. Nikishampakia mgonjwa naondoka, nipe kama dakika kumi." Mtu aliyepewa muda husubiri. Zikipita kumi kabla hujamaliza, mfuate wewe umpe muda mpya, asije yeye kukufuata.

Na ikitokea mmesimamishwa njiani na polisi mkiwa na mgonjwa ndani, dereva anyamaze, mhudumu aongee, na aongee habari ya mgonjwa tu: "Tuna mgonjwa ndani, tunaelekea hospitali, tufuate hadi mapokezi tutazungumza huko." Mwaka 2009 jimboni Oklahoma, askari wa barabarani aliisimamisha ambulensi kwa madai kwamba haikumpisha, na jambo likafika hadi kumkaba mhudumu huku mgonjwa yuko ndani. Ndugu wa mgonjwa alirekodi yote kwa simu. Askari yule aliadhibiwa baadaye, sawa, lakini adhabu ya baadaye haikumfikisha mgonjwa hospitali mapema.

Kuna lawama nyingine tunayotupiwa, nayo inauma: "Watu wanavuja damu, nyinyi mmeegesha kule kona mnasubiri nini?" Tunasubiri polisi waseme pameshakuwa salama, kwa sababu mhudumu akichomwa kisu, majeruhi wameongezeka na mwokoaji amepungua. Askari aliye ndani haoni hivyo, anaona amebaki peke yake na majeruhi. Dawa ni kumjulisha kupitia redio kwamba mpo, mko umbali gani, na mnangoja neno gani kutoka kwake. Shambulio la ukumbi wa Manchester nchini Uingereza mwaka 2017, lililoua watu 22, liliacha uchunguzi mrefu ulioonyesha wakuu wa polisi, ambulensi na zimamoto hawakukutana mahali pamoja kama miongozo yao ilivyotaka, na taarifa muhimu zikabaki kwa upande mmoja. Kwa tukio dogo la kila siku hilo lina maana rahisi: mkuu wa ambulensi asimame bega kwa bega na mkuu wa polisi, wasikie redio za wote wawili.

Msidhani basi kwamba kuelewana na polisi kila mara ni salama. Ugomvi unaoniogopesha zaidi ni ule ambao ulipaswa kutokea haukutokea. Agosti 2019 mjini Aurora, Colorado, kijana Elijah McClain alikuwa ameshakabwa shingo na kufungwa pingu wahudumu walipofika. Walipokea maelezo ya polisi kwamba mtu huyu amepagawa, wakamchoma ketamini, dawa ya usingizi, miligramu 500, dozi ya mtu mzito kuliko yeye. Alifariki siku chache baadaye, na Desemba 2023 mahakama iliwatia hatiani wahudumu wawili. Maelezo ya afande ni sehemu ya historia ya mgonjwa. Yasikilize, yaandike, kisha mpime mgonjwa mwenyewe kana kwamba hukuambiwa kitu. Sindano ya kumtuliza mtu ni uamuzi wa kitabibu, afande akikwambia "mchome atulie", jibu ni, "Ngoja nimpime kwanza."

Mengine yote humalizwa mezani. Mwombe msimamizi wako akutane na mkuu wa kituo cha polisi mnachokutana nacho mara kwa mara, mkubaliane mambo madogo: mgonjwa mwenye pingu anasindikizwa na askari ndani ya ambulensi, akiwa na ufunguo mfukoni, pingu haifungwi kwenye machela, nani anaongoza magari. Baada ya tukio baya, andika ripoti zamu ile ile, kwa saa na maneno. "Saa 4:12 nimeomba ageuzwe ubavu. Saa 4:16 amegeuzwa" inabeba uzito. "Askari alikuwa jeuri" haibebi chochote, na itakurudia wewe.

Mkikaa mezani, jiandaeni kusikia na ya kwao. Sisi hulalamika kuhusu pingu, wao hulalamika kuhusu mikasi yetu: tunakata shati kupitia tundu lile lile la risasi au kisu, kisha tunalitupa kwenye pipa la hospitali. Wana haki. Kata pembeni ya tundu. Nguo yenye damu iweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza. Kila nguo na mfuko wake, mkabidhi askari mkononi, uandike umemkabidhi nani na saa ngapi.