Ukikwama baharini, kula kwanza

Mwaka juzi nilikuwa navuka Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, boti ya mbao, kusi limechachamaa, katikati huko mashine ikazima. Mimi nikafumba macho nikaanza kuomba kwa sauti, kama nusu saa hivi, maji yanaingia tu, mpaka mzee mmoja mwenye baraghashia akanigusa bega akanipa andazi na kopo. "Kula mwanangu, alafu fua maji, dua utaendelea nayo huku unafua."

Niliporudi nyumbani nikasoma upya Matendo ya Mitume 27 kwenye Biblia, safari hii kama mtu aliyewahi kulowa. Mtume Paulo ni mfungwa, akida Yulio, ofisa wa jeshi la Kirumi, anampeleka Roma, wako kwenye merikebu ya Aleksandria yenye ngano na watu 276. Wakiwa Bandari Nzuri kule Krete akawaambia jamani tusitoke, Mfungo wa Wayahudi umeshapita, yaani baridi inakaribia na bahari ya kule haisafiriki. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Na Paulo hakuwa mgeni wa bahari, Wakorintho alishawaandikia kabla ya hapo kwamba amevunjikiwa na chombo mara tatu! Aliyewahi kuzama akikwambia usipande usipande, hata kama nauli umeshalipa (mimi wavuvi walinionya, nikajifanya nina haraka).

Sasa kinachonigusa ni hiki. Katikati ya dhoruba malaika alimwambia wote watapona. Mimi ningelala. Yeye usiku wa 14 yuko macho, mabaharia wamepima kina cha maji wakapata pima 20, mbele kidogo pima 15, wakatia nanga nne tezini, yaani nyuma, alafu wanashusha mashua eti wanaenda kutia nanga za omo, za mbele, kumbe wanatoroka. Paulo akamwambia akida hawa wasipobaki nyie hamponi, askari wakakata kamba mashua ikaenda zake. Ahadi anayo, na bado anajua bila mabaharia hakuna wa kukiongoza kile chombo.

Kulipokaribia kucha akawaomba wale chakula, maana siku 14 hawajatia kitu tumboni, akachukua mkate akashukuru akala mbele yao, nao wakapata moyo wakala, ndo wakatupa ngano baharini. Kwahiyo ukiwa kwenye shida yoyote, hata ya nchi kavu, usijinyime chakula ukadhani ndo imani, asubuhi ile ile walitakiwa kuogelea! Wanaojua wakaruka, wengine wakashika mbao, wote wakafika Malta. Na pale ufukweni, mvua na baridi, Paulo anaokota kuni.

Sisi tulivutwa na boti nyingine, Kilindoni tumeingia saa tatu usiku. Nikataka kupiga magoti pale pale mchangani, mzee akaniita nimshikie upande wa pili wa gunia lake la mchele, limelowa, zito hilo sijapata kuona.