Moto wa MGB: kipi cha kiwandani, kipi kimepachikwa

Safari hii maswali yote ni ya MGB, gari la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yote yanahusu upande wa moto, yaani umeme unaotoa cheche za kuwasha injini.

Fundi, shikamoo. Nimenunua MGB ya 1965 iliyolala miaka mingi. Muuzaji anaapa kuwa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nitajuaje? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Muuzaji mwache na viapo vyake, wewe chukua kitambaa na mafuta ya taa usafishe ubavu wa distribyuta. Usiguse msasa wala brashi ya waya, maana unachotafuta kimegongwa kwenye chuma kwa kina kidogo sana. Utakuta aina, ambayo kwa gari lako ni 25D4 ya Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari, kisha namba 40897 ambayo huenda ikafuatwa na herufi, kisha tarakimu za tarehe: wiki kwanza, mwaka baadaye. 1465 ni wiki ya 14 ya 1965. Tarehe hiyo inatakiwa itangulie kidogo siku gari lilipoundwa. Ukisoma 3868, hiyo imetoka kwenye gari jingine, hata kama namba ya aina inalingana sawasawa.

Ukikuta 45D4, usihangaike na tarehe: hiyo ni ya miaka ya sabini. Hata kabla ya kusoma maandishi utaitambua, kwa sababu 25D4 ina kinati kidogo chenye meno karibu na vakyumu (kikopo cha ubavuni kinachosogeza moto kwa mvuto wa hewa ya injini), cha kurekebishia taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa vidole, na 45D4 haina. Gari litatembea nayo vizuri tu, lakini usilipie bei ya orijino.

Angalia pia vakyumu yenyewe, kwa sababu hubadilishwa sana na watu husahau kuitazama. Ya 40897 imegongwa 5-13-10: inaanza kuvuta kwenye inchi 5 za zebaki, inafika mwisho kwenye 13, na inasogeza taimingi digrii 10 za distribyuta. Fungua kofia, nyonya kibomba chake kwa mdomo, kisha kizibe kwa ulimi. Sahani ya pointi, vile vidole vinavyokata na kuunga umeme wa koili, lazima isogee na ibaki pale pale. Ikirudi polepole, ngozi ya ndani imetoboka.

Koili yangu, ile inayopandisha umeme wa betri kuwa cheche, imeandikwa SW na CB. Fundi wa mtaani anasema ni ya lori, niweke mpya yenye + na −. Kweli? – Msomaji, Mombasa

Si ya lori hata kidogo, na usiitupe. Lucas waliziandika hivyo zamani: SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa pointi. Waya mweupe unaenda SW, mweupe wenye mstari mweusi unaenda CB.

Kinachowachanganya mafundi wengi ni kwamba MGB za mwanzo, mpaka 1967, betri yake imefungwa chanya kwenye bodi. Kwa hiyo ukiweka koili mpya kwenye gari la namna hiyo, + ndiyo inayokwenda kwenye distribyuta, na − kwenye swichi. Ukifunga kinyume gari litawaka, lakini moto utakuwa dhaifu na injini itamisi ukikanyaga. Kama mtu aliligeuza gari lako likawa hasi kwenye bodi, basi na waya za koili ya SW na CB zinabadilishana nafasi.

Pima pia koili kwa mita kabla ya kununua. MGB hizi hazina rizista ya kupunguza umeme wa koili, kwa hiyo koili yake inasoma karibu omu 3. Ya omu 1.5 ni ya magari ya baadaye yenye rizista. Kwenye gari lako itachemka na kula pointi.

Waya za plagi zinachomoka kwenye kofia ya distribyuta, nimejaribu hata gundi. – Msomaji, Leicester

Gundi! Waya zinazoingia ubavuni hushikwa na skrubu ndogo zenye ncha. Geuza kofia utaziona kwa ndani. Nunua waya zenye shaba katikati, kwa sababu zile za kaboni skrubu hazipati cha kushika.

Nimepata rota (kile kinachozunguka chini ya kofia ya distribyuta) na kondensa (kile kinachozuia pointi zisiungue) za zamani, hazijatumika, kwenye maboksi yake. Nizitumie? – Msomaji, Muscat

Rota ndiyo. Nyingi za siku hizi zina ribiti ndefu inayokaribia shafti, na moto hupenya hapo. Gari linazima likishapata joto, likipoa linawaka, nawe unalaumu kabureta. Kondensa siwezi kukushauri. Iliyokaa rafu miaka hamsini ni kamari, hata kama haijawahi kuguswa na bisibisi. Na boksi lisikulevye, yapo yaliyochapishwa upya.

Nimeweka moto wa elektroniki badala ya pointi ndani ya distribyuta, hauonekani. Kwenye Concours, maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, watagundua? – Msomaji, Nairobi

Mwenye jicho atagundua bila kufungua kofia: kwenye distribyuta ya pointi unatoka waya mmoja, yako itatoa miwili. Mimi sioni dhambi kuendesha nayo kila siku, mradi kifaa kiwe cha upande sahihi wa betri, maana kikifungwa kinyume kinaungua papo hapo. Kwa siku ya maonyesho rudisha pointi. Nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, ukipima kisigino cha pointi kikiwa juu ya nundu ya kamu (shafti inayozifungua), na upake grisi kidogo sana hapo. Grisi ikizidi itarukia pointi.