Wageni huniambia nirudie: kuunganisha maneno ya Kiingereza

Swali: Mwalimu, naongoza watalii hapa Arusha. Sarufi hainisumbui na msamiati ninao, lakini wageni wa Marekani kila mara huniomba nirudie. Mwenzangu anasema natamka neno moja moja kama nasoma orodha. Nifanyeje maneno yashikane?

Jibu: Mwenzako amesikia vizuri, ila chanzo kiko kwenye silabi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo neno la Kiingereza likiishia na konsonanti, ulimi hulipachikia i au u. "Look at it" inatoka "luku ati iti". Silabi tatu zimekuwa sita, na mgeni anahangaika kutafuta maneno ambayo hukuyasema.

Mazoea hayo hayo yanaweza kukufaa. Konsonanti inadai irabu? Ipe ya neno linalofuata, usiitungie yako: "lu-ka-tit". Sasa chukua maneno ambayo bila shaka unayasema kila safari, "a lot of elephants". Yaseme a-lo-ta-ve-le-fants, uzito ukae kwenye "lo" na "e" ya kwanza ya "elephants", kwingine upite kwa wepesi. Ile "of" hutamkwa kwa v. Wengi wetu husema "ofu", na hapo ndipo mnyororo unapokatika. Mmarekani atailainisha t ya "lot" ikaribie d, lakini si lazima umuige.

Irabu zikikutana huna kazi kubwa: "go in" ni "gowin", "see it" ni "siyit".

Kazi iko kwenye konsonanti mbili zinazofuatana, maana hapo hakuna irabu ya kuazima. Ukisema "big cats", ziba pumzi kwenye g, usiiachie, kisha fungulia kwenye c. Ukiiachia mapema, "bigi" hiyo imeshatoka. Katika "last night" wazungumzaji wengi huimeza t kabisa, "lasnait". Ikifuatwa na irabu hurudi: "last elephant" ni la-ste-le-fant.

Fanya mazoezi kuanzia mwisho wa sentensi: "fants", "lefants", "velefants", mpaka ufike mwanzo. Jirekodi kwa simu, polepole. Kuunganisha si kukimbiza maneno, na penye mkato vuta pumzi kama kawaida. Wanaounganisha hadi kwenye mkato huchosha masikio kuliko wewe.

Usiunganishe kila kitu, hasa ukiwa na Wajerumani au Wajapani ambao nao walijifunza Kiingereza shuleni. Saa ya kuondoka na namba ya chumba zitamke kwa kuzitenganisha. Na simba akiwa karibu na gari, "do not get out" iseme neno moja moja, kama ulivyozoea.